Kwanza Rusha, Kisha Choma

Tulimzika Mwalimu Emuria kwao Moding, na katika risala ya familia binti yake mkubwa alitaja jina langu kwa jambo ambalo sikulifanya. Alisema kwamba walipokuwa wakipanga vitu vya baba yao walipata daftari la zamani la mchezo, jina la Nabwire kwenye jalada, na kwamba mchezo ule ndio baba aliousimulia zaidi katika mambo yote ya ujana wake alipokuwa mwalimu Malaba. "Auntie Nabwire yuko hapa nasi," akasema. "Yeye ndiye alibuni sheria ya kurusha kisu na kuchoma mkuki. Sisi watoto tumeicheza mpaka tukakua." Watu wakageuka kunitazama, wengine wakatabasamu kwa machozi yao. Niliinua mkono kidogo, kama mtu anayefukuza nzi. Safu mbili mbele yangu alikaa Amoit, kitambaa cheusi kichwani, na shingo yake haikugeuka. Nilikuwa sijamwona kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini shingo ile ningeitambua popote. Niliitazama sana kwa nyuma mwaka ule wa mchezo, nikiichukia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na alama ambazo hazikunifukuza wala kunipeleka popote, nikakaa Malaba kwa binamu yangu nikingoja chuo ambacho hakikuniita. Mwalimu Emuria alifundisha fizikia katika shule moja ya karibu. Alikuwa kijana bado, hajaoa, mrefu mpaka akipita mlangoni lazima ainame, na alipanga vyumba viwili nyuma ya ofisi za mawakala wa forodha. Chumba cha mbele kilikuwa na meza moja kubwa aliyoinunua kwa fundi ikiwa haijapigwa vanishi, viti vinne visivyofanana, na dirisha lililofunguka kwenye uchochoro ambako madereva wa malori walikuwa wakisubiri karatasi zao. Siku nzima tulisikia mazungumzo yao. "Boss, ya kwangu imetoka?" "Bado, mfumo umelala." "Nyabo, chapati imebaki ngapi?" Mwanamume mmoja wa Kampala alikaa pale siku nne na akamsimulia kila mpita njia habari za mke wake aliyehamia kwa jirani, na kila mara jirani aliongezeka urefu. Ndani, sisi tulikuwa tukipigana vita.

Mchezo wenyewe hauna ubao. Mtu mmoja ni msimulizi: anawaambia mko wapi, mnaona nini, nani anawajia. Wengine kila mmoja ana mhusika wake aliyemwandika kwenye karatasi, nguvu zake, silaha zake, na damu yake, yaani kiasi cha maumivu anachoweza kubeba kabla ya kufa. Mkikutana na adui, dadu huamua kama pigo limeingia. Mwalimu aliuleta kutoka chuo kikuu ukiwa rundo la kurasa zilizopigwa chapa kwa fotokopi, na aliyepiga alikuwa na haraka, kwa sababu sura nzima ya mapigano ilikosekana. Kulikuwa na orodha ya silaha tu, na mbele ya mkuki, kisu na shoka dogo palikuwa na maneno kwamba silaha hizi zaweza kushikwa au kurushwa. Jinsi ya kufanya yote mawili, au kama inaruhusiwa, hakuna aliyejua. Kwa hiyo tulizitunga sheria wenyewe. Na kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa wote, niliyezitunga na kuziandika nilikuwa mimi.

Tulikuwa wanne: Mwalimu akiwa msimulizi, Okumu aliyekuwa akitengeneza redio, dada yake Taaka, na mimi. Jumamosi baada ya chakula cha mchana tulikaa mezani hadi saa kumi na mbili. Mwalimu alipika mwenyewe, ugali wa wimbi na kunde, na ule ukoko wa chini ya sufuria alinibandulia mimi kila mara bila kuuliza. Palipotokea ubishi kuhusu pigo alisema, "Tumuulize mwanasheria," na wote wananigeukia, nami nafungua daftari taratibu hata kama jibu nalijua kichwani. Sasa hivi, nikiwa na umri wa kumzaa yule msichana niliyekuwa, nikijiuliza ni lini katika maisha yangu nilitosheka kabisa, jibu ni pale, nikitafuta ukurasa ambao ningeweza kuutaja kwa moyo. Sheria yangu ya vita ilikuwa sentensi moja: zamu moja, tendo moja, ama unachoma, ama unarusha. Niliiona safi kama sahani iliyooshwa. Ukweli ni kwamba iliua mchezo. Wapiganaji wawili walisimama wakichomana hadi mmoja akaisha damu, na wenye silaha za kurusha walikaa mbali wakirusha. Siku moja Okumu alilala katikati ya vita na ilibidi Taaka amrushie dadu.

Amoit aliletwa na Taaka mwezi wa nne. Alikuwa rika letu, amekulia Moding akichunga ng'ombe wa babu yake, na alikuwa amekuja Malaba kukaa kwa shangazi aliyeuza simsim. Alikaa kimya vita nzima ya kwanza, mikono chini ya mapaja, na ilipokwisha akasema, "Lakini mtu hapigani hivi."

"Hivi vipi?" nikauliza.

"Hivi, kusimama. Ukiwa na kitu mbili mkononi, hutumii moja ukiangalia ingine."

"Sheria inasema tendo moja."

"Sawa," akasema, kwa adabu kabisa. "Mimi nasema tu vile mtu anapigana."

Mwalimu akasogeza kiti. "Hebu tuonyeshe."

Tukatoka uani. Alichukua fimbo fupi ya kukorogea mkono wa kushoto na ufagio wa mti mrefu mkono wa kulia, akampa Okumu mfuniko wa sufuria awe na ngao. Akaanza kutembea kumwendea, na katikati ya hatua akarusha fimbo usoni mwake. Okumu akainua mfuniko, fimbo ikagonga, na kabla hajaushusha ule ufagio ulikuwa tayari kwenye mbavu zake. Madereva waliokuwa wakichungulia kutoka uchochoroni wakashangilia. "Ngoja," Okumu akasema, "nilikuwa sijajiweka." Wakarudia. Safari hii Amoit alirusha vibaya, fimbo ikapita pembeni, Okumu hakuinua kitu, akamsubiri na kumpiga begani. "Ndiyo hivyo," Amoit akasema akicheka, akisugua bega. "Ukikosa ya kwanza, ya pili inakuwa mbaya. Na ukitupa hii kubwa pia," akainua ufagio, "umebaki na mikono tu. Lazima uende uiokote."

Tulirudi ndani na Mwalimu akaitia kwenye hesabu. Kwanza rusha silaha ndogo ukisonga mbele. Adui akijikinga nayo, ngao yake iko juu, na pigo lako la karibu linaongezewa moja. Ukikosa kabisa, amekuona, na pigo lako linapunguziwa moja. Anayekimbia unaweza kumrushia mkuki wako mkubwa, lakini mkono wako unabaki mtupu mpaka uufuate. Tulijaribu papo hapo, na vita iliyokuwa ikituchukua saa nzima ya kupiga miayo ilituinua vitini. Kila zamu ulikuwa na la kuogopa. Mwalimu alipiga meza kwa kiganja. "Nabwire, andika hiyo!" Nikaandika. Nilijisikia kama mtu ambaye mgeni ameingia jikoni kwake, akahamisha chungu kimoja tu, na jiko zima likawa bora. Nilijua ni bora. Mtu akikosea unaweza kumsahihisha. Huyu alikuwa amepatia.

Tangu siku hiyo nilianza kuhesabu. Nilihesabu mara ambazo Mwalimu alisema, "Amoit, wewe waonaje?" na mara aliposema mwanasheria. Nilihesabu vikombe: cha nani kilijazwa kwanza. Mwezi wa sita ukoko ulikatwa vipande viwili, nusu kwangu nusu kwake, naye akala wake bila hata kuuangalia, huku anaeleza jinsi mtu anavyotupa fimbo kwa ndama mkaidi bila kumwumiza. Ningeweza kusema nilikuwa nampenda Mwalimu, watu huelewa wivu wa namna hiyo kwa haraka, lakini sikumpenda hivyo. Nilichokitaka ni kile kilichotokea usoni mwa Mwalimu kila Amoit alipofungua mdomo: alikuwa akingoja. Mimi alikuwa akinigeukia kwa jibu alilolijua. Amoit hakuna aliyejua atasema nini. Na wivu ule ulikuwa kama harufu ya dizeli katika mji ule. Mwenyewe nilikaa nayo hadi nikaacha kuisikia, lakini wageni waliisikia. Siku moja Taaka alinishika mkono tukiteka maji akaniambia, "Wewe, huyo msichana amekukosea nini?" Nikamwambia hajanikosea kitu. Ilikuwa kweli, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane Mwalimu aliitwa kusimamia mitihani ya majaribio, akaniachia funguo za nyumba na kiti cha msimulizi. Nilifika saa saba, peke yangu. Nilifagia. Nikaweka maharagwe motoni. Kisha nikafungua daftari kwenye ukurasa wa sheria ya Amoit, na chini, mahali palipobaki mstari mmoja mtupu, nikaandika kwa mwandiko wangu ule mzuri: Aliyerusha silaha zake zote mbili hajikingi hata kidogo, na kila pigo litakalompata ni mara mbili. Sikuwa na hasira nikiandika. Nakumbuka nilisimama kuonja maharagwe na kuongeza chumvi.

Mhusika wa Amoit aliitwa Akiru, na tulikuwa tumempenda wote, hata mimi, kwa sababu tulimjenga pamoja miezi mitano. Nilipanga vita kwenye kivuko cha mto ili kiongozi wa maadui apate pa kukimbilia. Kila kitu kilienda nilivyotaka. Akiru alirusha kisu, ngao ya kiongozi ikainuka, akachoma, na kiongozi alipoanza kuvuka maji Amoit akasimama kabisa kitini: "Narusha mkuki!" Dadu zikasema ndiyo. Kiongozi akaanguka mtoni, Okumu na Taaka wakapiga kelele. Nikawaacha wamalize. Kisha nikasema kwamba kuna mpiga upinde ng'ambo ya mto, na Akiru hana kitu mkononi.

"Nina ngao mgongoni," Amoit akasema.

"Umerusha zote mbili. Hujikingi. Na pigo ni mara mbili."

"Tangu lini?" Okumu akauliza.

Nikamgeuzia daftari. Waliniamini, kwa sababu daftari halikuwa limewahi kudanganya. Okumu alisoma akiguna, Taaka akasema, "Kumbe." Amoit akalivuta kwake na kupitisha kidole gumba juu ya ule mstari, polepole, kama mtu anayepima kitambaa. Kalamu yangu ilikuwa ya wino mzito, ya kukauka kwa shida, na mvuke wa maharagwe ulikuwa umejaa chumbani. Aliinua kidole akakitazama. Kisha akanitazama mimi. Nilirusha dadu mbele yao, na zikaangukia upande wangu.

"Sawa," akasema. "Akiru amekufa."

Alikula nasi maharagwe jioni ile. Aliosha vikombe vyote, akavifunika, akaaga kila mtu kwa jina, na hakurudi tena. Mwalimu aliporejea nilimwambia Amoit amekasirika kwa sababu mhusika wake alikufa, akasikitika, akamtuma Okumu kwa shangazi. Okumu alirudi akisema amekwenda Busia kujifunza cherehani. "Kwa mchezo tu?" Mwalimu akauliza. Jumamosi iliyofuata ukoko ulikuwa wangu wote, na nilishindwa kuumeza.

Mwezi wa kumi na moja kulikuwa na mkutano wa vikundi vya vijana Kisumu, na Mwalimu, akiwa amebanwa na mitihani, alinituma mimi na Okumu tukauonyeshe mchezo wetu. Tuliweka meza kwenye ukumbi, na mwanamke mmoja kutoka Nairobi, aliyekuwa akitengeneza michezo ya kufundishia watoto, alicheza nasi vita moja, akacheza ya pili, kisha akavuta daftari na kusoma ukurasa ule mara mbili. "Hii ya kurusha kisha kuchoma," akasema, "nimeona vitabu vingi havijaiweza hivi. Nani aliifikiria?"

Okumu alinitazama. Nilikuwa na muda wa kutosha. Watu hupenda kusema maneno yalinitoka. Yangu hayakunitoka, niliyatoa.

"Mimi," nikasema.

Alinialika Nairobi miezi mitatu kufanya kazi nao. Tukirudi Okumu alikula njugu njia nzima bila kunikaribisha, na tulipokaribia nyumbani akasema tu, "Haya. Si umesema mwenyewe." Mwalimu alifurahi hadi akanishika mabega yote mawili, kisha akauliza, "Uliwaambia kuhusu Amoit?" Nikamwambia niliwaeleza tulitunga kama kikundi. Alitikisa kichwa, ameridhika. Nilienda Nairobi mwezi wa kwanza, na mwaka ule ukaishia hapo. Kazi niliyonayo leo, ofisi yangu hapa Malaba yenye dirisha na jina langu mlangoni, mwanzo wake ni barua ya kunisifu niliyopewa kule.

Baada ya mazishi nilikaa wiki mbili nikilala vibaya, kisha nikamwomba Taaka anielekeze. Amoit ana duka la sare za shule Busia, nyuma ya soko. Mwendo wa chini ya saa moja tu, na miaka yote hiyo nilikuwa napita barabara ya mbele. Nilimkuta amepiga magoti sakafuni, chaki mkononi, anachora sketi kwenye kitambaa cha buluu. Amenenepa kidogo, ana miwani. Alinitazama juu ya miwani bila mshangao.

"Nabwire. Kaa hapo kwa benchi. Usikanyage kitambaa."

Nilikaa. "Nimekuja kukuambia kitu."

"Kama ni ya daftari, hiyo najua. Wino ilinishika kidole."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, mngeangaliana, halafu mngechagua. Mimi nilikuwa na miezi mitano hapo, wewe ulikuwa na mwaka." Akachora mstari mwingine. "Nilikuwa msichana. Niliona afadhali nisijue mngemchagua nani."

"Kuna ingine," nikasema, na nikamwambia habari za Kisumu na Nairobi. Nilimwambia yote, hata Okumu na njugu zake. Chaki ilisimama. Nje, mtu alikuwa akipatana bei ya ndizi kwa Kiswahili cha Uganda, na tulimsikiliza wote wawili kana kwamba anatuhusu.

"Mimi nilidhani ulininyima mchezo," Amoit akasema mwishowe. "Hiyo nilikusamehe zamani, ilikuwa utoto. Kumbe ulienda Nairobi nayo."

"Naomba unisamehe."

"Hiyo ngoja kwanza. Ndiyo naisikia leo." Alinyanyuka, akashika kiuno, akaketi kwenye kiti cha cherehani. "Mpigie huyo mtoto wa Mwalimu. Saa hii."

Nilimpigia nikiwa nimeweka sauti ya nje, Amoit naye asikie. Nilimweleza kwa ufupi kwamba sheria ile ilitungwa na Amoit, yule mama wa kitambaa cheusi, na kwamba mimi niliiandika tu, na baadaye nikadai ni yangu. "Sawa, auntie," akasema. "Nitawaambia wengine. Pole." Sikujua ananipa pole ya nini, na aliyekuwa na haki ya kuisikia kwanza tulikuwa tumemfukia.

"Na huko Nairobi," Amoit akauliza nilipokata simu, "ulifanya nini?"

"Waliniomba sheria ingine kama ile. Nilikaa wiki tatu na karatasi. Sikuwa nayo. Wakanipa kazi ya kuchapa za wengine."

Nilidhani atacheka, na ningefurahi angecheka. Alivua miwani akaifuta kwa ukingo wa sketi ya mtoto wa mtu.

"Mimi ningewapa kumi," akasema.

Halikuwa jigambo. Alisema kama fundi anayekuambia kitambaa hiki kitatoa sketi ngapi. Kisha akaongeza, macho tayari kwenye kazi, "Hata ile haikuwa imeisha. Mkuki ukiutupa ukakosa, yule adui anaweza kuuokota. Hiyo hatukuandika. Nilikuwa niwaambie Jumamosi ile."

Niliuona mchezo wote ukifunguka upya: kila mkuki unaorushwa ukiwa hatari kwa aliyeurusha, kila mpiganaji akisita kabla ya kuinua mkono, vita ikiwa na zamu moja zaidi ya kuogopa. Ilikuwa rahisi na kamili, na ningekaa mezani miaka ishirini nisingeifikia. Nilikuwa nimekuja kutubu, machozi bado yako karibu, jina lake nimelirudisha kwa sauti ya nje. Na pale pale kwenye benchi, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, nilimwonea wivu tena, mbichi kama siku ya kwanza.